Wosia Haukutusaidia Baba Alipopata Kiharusi

Baba alipopata kiharusi, kabla hata majibu ya vipimo hayajatoka, ndugu walikuwa wameanza kuulizana: Mzee ameandika wosia? Waliuliza pembeni, kwa aibu, maana ni kama kumzika mtu angali anapumua. Jibu lilikuwa ndiyo. Wosia ulikuwepo, wa miaka mingi nyuma, na haukutusaidia kitu. Wosia husubiri kifo. Baba alikuwa hai, anatutazama, anabana vidole vya mama mdogo (mke wake baada ya mama yetu kufariki) kwa mkono wa kushoto, na neno halimtoki.

Pesa za matibabu zilikuwepo pia, ila zilikuwa benki kwenye akaunti yenye jina lake peke yake. Mama mdogo alikwenda huko na cheti cha ndoa, barua ya hospitali na vitambulisho vyote viwili. Ofisa alimsikiliza kwa heshima, kisha akamweleza kwamba mwenye akaunti yu hai, hajamwachia mtu idhini, na ndoa haimpi mke mamlaka ya kusaini kwa niaba ya mumewe. Nyumbani tulimlaani yule ofisa. Lakini kanuni iliyomzuia mama mdogo ndiyo hiyohiyo ambayo ingemzuia mtoto mwenye tamaa, na kila familia ina uwezekano wa kuwa na mtoto wa namna hiyo.

Kwetu, "kuweka mambo sawa" kulimaanisha kuandika wosia, basi. Baada ya yaliyotupata, naziona hati hizi kama walinzi wa zamu. Mmoja analinda ukiwa hai lakini hujiwezi, mwingine anaingia kazini ukishakufa, na hakuna anayekubali kushika zamu ya mwenzake. Baba alikuwa na mlinzi wa usiku tu, na shida ilitukuta mchana.

Ambaye hakuachia mtu idhini akiwa na akili timamu, njia iliyobaki kwa familia yake ni mahakama: kuomba mtu ateuliwe kusimamia mali ya asiyejiweza. Tulianza njia hiyo. Inataka ripoti za madaktari, ndugu wapewe taarifa ili mwenye pingamizi aseme, mwombaji aonyeshe kwamba anaaminika, na akishateuliwa awe anatoa hesabu kwa mahakama. Ni ulinzi wa haki kabisa, lakini kila hatua ina gharama na foleni yake. Bili za hospitali hazisubiri foleni. Kaka aliuza pikipiki yake, dada akakopa kazini, mimi nikamaliza akiba. Ilikuwa inauma kukopa kwa watu huku tukijua pesa za mgonjwa mwenyewe zimelala.

Hospitalini nako kulikuwa na mtihani ambao hauhusiani na pesa. Daktari alipendekeza bomba la kumlishia, na baadaye akagusia upasuaji wenye hatari. Aliuliza swali jepesi: yeye mwenyewe angetaka nini? Kaka akasema angetaka kila kitu kifanyike. Mama mdogo akasema baba alishamwambia hataki kuteswa na mashine. Wote wawili walikuwa wanalia. Naamini wote wawili walikuwa wakweli, kwa sababu baba alikuwa mtu wa kumwambia kila mmoja kile anachoweza kubeba. Maelekezo ya matibabu yaliyoandikwa, pamoja na jina la mtu mmoja wa kusema kwa niaba yake, yangewaepusha wale wawili na maneno ambayo hadi leo hayajasahaulika vizuri. Nguvu ya kisheria ya karatasi ya namna hiyo inatofautiana kati ya nchi na nchi; kuna mahali inamfunga daktari, kwingine inamwongoza tu. Hata pale inapoongoza tu, ina thamani yake: inaondoa mzigo wa kukisia mabegani mwa mke na watoto.

Tulipata bahati ambayo wengi hawaipati. Baada ya wiki za mazoezi, baba alianza kuelewa na kujibu. Maneno yalirudi machache, yamekatika, lakini kichwa kilikuwa chake. Wakili aliyekuja nyumbani alitufundisha jambo la kwanza bila kutaka: alitutoa nje wote, mama mdogo pia. "Nataka kumsikia Mzee, siwataki ninyi," alisema, akafunga mlango. Kaka alichukia. Miezi baadaye, shangazi mmoja alipodai kwamba tulimshika baba mkono akasaini asichokijua, kile kitendo cha kufunga mlango ndicho kilichomnyamazisha, pamoja na barua ya daktari ya tarehe ileile iliyosema mgonjwa anaelewa mali aliyonayo, watu wanaomtegemea na maana ya anachokisaini. Ukiwa na mgonjwa, barua hiyo usiikose, na iandikwe siku ya kusaini au karibu nayo sana. Mkono uliopooza si kikwazo. Alama ya kidole au mstari wa kalamu unakubalika panapofuatwa taratibu za mashahidi. Kinachoangaliwa ni ufahamu.

Hati ya kwanza iliyotayarishwa ilikuwa ya uwakilishi, ile inayompa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yako. Hapa pana mtego mkubwa. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza, hati ya kawaida ya uwakilishi huanguka pale aliyeitoa anapopoteza akili zake, yaani inakufa saa ileile unapoihitaji. Uingereza yenyewe ilibidi itunge sheria mwaka 1985 ili iwepo aina inayodumu, kisha ikaibadilisha kwa sheria ya mwaka 2005. Kwa hiyo ukikaa na wakili, muulize waziwazi: hii itaendelea nikipoteza ufahamu? Kama sheria inayokuhusu inaruhusu, maneno hayo yaandikwe ndani ya hati. Muulize pia kama inahitaji kusajiliwa kabla ya kugusa ardhi. Kisha ipeleke benki mapema, ukiwa na afya, kwa sababu benki kadhaa zina fomu zao na hazipendi kushtukizwa na karatasi ya nje.

Baba alimteua dada. Iliniuma, sitaficha. Mimi ndiye niliyekuwa nalala naye hospitali. Lakini dada ndiye anayetunza risiti ya kila kitu mpaka ya karanga, na mzee alituona tulivyo, si tulivyopenda kuonwa. Mwakilishi hahitaji kuwa mtoto anayependwa zaidi. Anahitaji kuwa mtu anayeweza kuulizwa hesabu bila kununa, asiyechanganya pesa ya mgonjwa na ya kwake hata kwa siku moja. Hati ilimruhusu kulipa matibabu, ada ya shule na matumizi ya nyumba. Ilimkataza kuuza ardhi na kujipa zawadi. Ile kesi ya mahakamani tuliiondoa.

Ndipo wakili akaomba kuuona wosia wa zamani. Aliusoma, akauliza tarehe ya ndoa ya baba na mama mdogo, akaukunja. Ndoa ilikuwa imekuja baada ya wosia. Kwa sheria iliyotuhusu, ndoa mpya hufuta wosia wa nyuma, isipokuwa uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Ndivyo ilivyo Kenya, ndivyo ilivyo Uingereza. Kwingine si hivyo. Maana yake, kwa miaka yote ile baba alikuwa anaamini ana wosia, na sisi tunaamini, kumbe ni karatasi. Na hata kama ungekuwa hai, ndani yake hakukuwa na mama mdogo wala mtoto wao wa mwisho, aliyekuwa shule ya msingi. Kulikuwa pia na kiwanja ambacho baba alishakiuza. Aliyeachiwa kiwanja hicho asingepata kiwanja wala thamani yake.

Kwenye wosia mpya nilijifunza mengi kwa kusikiliza tu. Mashahidi wasiopungua wawili, wote wakiwepo. Jirani mwema ambaye baba alitaka kumwachia vifaa vya useremala alijitolea kuwa shahidi, wakili akamkatalia: katika nchi nyingi shahidi anayenufaika huhatarisha zawadi yake mwenyewe. Kenya, kwa mfano, zawadi hiyo inahitaji mashahidi wengine wawili wasiohusika. Kikawekwa kifungu cha mali itakayobaki, yaani chochote ambacho hakikutajwa kwa jina kina mwenyewe; bila kifungu hicho, gari ulilonunua baada ya kuandika wosia linagawanywa kana kwamba hukuandika kitu. Kila jina likawekewa jina la akiba, endapo wa kwanza atakuwa amefariki au atakataa. Wengi hawajui kwamba msimamizi anaweza kukataa kazi. Mimi niliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, na nashukuru baba aliniuliza kwanza.

Suala la mtoto wa mwisho lilichukua muda kuliko mengine yote. Mtu anaweza kusema "mtoto wangu apate nyumba," lakini mtoto hawezi kusaini, kuuza wala kukopa. Lazima awepo mtu mzima wa kushika kwa niaba yake. Wakili alitenganisha mambo mawili ambayo sisi tulikuwa tunayachanganya: nani atamlea mtoto, na nani atashika pesa zake. Mlezi, endapo na mama yake angefariki, alitajwa mmoja. Wadhamini wa pesa walitajwa wawili, nao si walezi. Maelekezo yakaandikwa: ada, matibabu na matumizi yatolewe kadiri ya mahitaji, kilichobaki akabidhiwe akiwa mtu mzima, na umri ukatajwa. Baba alisisitiza usiwe kumi na minane. Alisema kwa shida, neno moja moja, kwamba yeye mwenyewe akiwa na umri huo angenunua redio. Ndiyo mara ya mwisho kumsikia akitania.

Niongeze hapa kwamba uhuru wa kugawa si sawa kila mahali, na ni vizuri kujua mipaka yako kabla ya kuota. Muislamu wosia wake hauvuki theluthi moja ya mali inayobaki baada ya mazishi na madeni, wala hauendi kwa mrithi mwenye fungu lake mpaka warithi wengine waridhie. Ufaransa, mzazi wa watoto watatu au zaidi hawezi kuwanyima robo tatu ya mali. Kwingine unaweza kumwachia hata mtu baki kila kitu, lakini mke au mtoto uliyekuwa unamtegemeza ana haki ya kwenda mahakamani kudai matunzo ya kutosha. Nimeona watu wakichukua mfano wa wosia kutoka intaneti, umeandikwa kwa sheria ya nchi nyingine, wakajaza majina na kulala usingizi.

Baba alifariki kabla mwaka haujaisha.

Asubuhi iliyofuata dada alikwenda kutoa pesa za mazishi kwa ile hati ya uwakilishi. Alitoa kwa nia safi, akatunza risiti kama kawaida yake. Tatizo ni kwamba hati ile ilikufa pamoja na baba. Tangu pumzi ya mwisho, mwakilishi hana mamlaka tena. Anayefuata ni msimamizi wa mirathi, naye hana cha kuonyesha mpaka mahakama imthibitishe. Shangazi yule alipopata habari alilitaja jambo hilo kila kikao, na dada alilia zaidi kwa neno "mwizi" kuliko alivyolia makaburini. Risiti zilimwokoa, na gharama za mazishi ya kiasi hutangulia kulipwa kutoka mali ya marehemu kabla ya warithi. Lakini njia iliyonyooka ilikuwa kuchangishana, kutunza hesabu na kurudishiwa baadaye. Ndiyo maana namshauri kila mtu aweke fungu dogo la mazishi mahali ambapo hapatafungwa.

Bima ya maisha ndiyo iliyonishangaza zaidi. Nilikwenda na wosia mkononi, najiamini. Wakaniambia wosia hauwahusu. Wao wanaangalia fomu ya wanufaika. Fomu ilikuwa ya siku baba alipoajiriwa, na jina lililomo ni la mama yetu mzazi, aliyetangulia miaka mingi. Kwa kuwa mnufaika hayupo, pesa ilirudi kwenye mirathi ikasubiri foleni pamoja na kila kitu, badala ya kumfikia mama mdogo ndani ya muda mfupi. Na hapo bado tulikuwa na nafuu. Kama jina lingekuwa la mke aliyeachika ambaye yu hai, huenda angelipwa yeye, na wosia usingebadilisha neno. Mfuko wa pensheni ulikuwa na utaratibu wake: uliangalia fomu, lakini ukauliza pia ni nani hasa walikuwa wanamtegemea marehemu. Fomu hizi hazihitaji wakili, hazina gharama, zinajazwa mezani kwa dakika chache, na katika familia nyingi zinabeba pesa nyingi kuliko wosia. Zitafute wiki hii. Uliza imeandikwa jina la nani.

Kisha lile la akaunti ya pamoja. Miaka michache kabla ya kuugua, baba alimwongeza kaka kwenye akaunti moja ndogo ili amsaidie kulipa bili. Akaunti nyingi za pamoja huwa na sharti kwamba anayebaki hai anachukua kilichomo. Kaka aliamini ni yake. Mama mdogo aliamini kaka alikuwa wa kutumwa kupeleka pesa tu, si mmiliki. Mabishano haya si yetu peke yetu. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi ya Pecore, ilisema mzazi anapomwingiza mtoto mtu mzima kwenye akaunti bila mtoto kutoa chochote, huchukuliwa kwanza kwamba mtoto anaishika kwa ajili ya mirathi, mpaka athibitishe kuwa ilikuwa zawadi. Katika kesi ile binti alithibitisha, akashinda. Kwetu hakukuwa na hata mstari mmoja wa maandishi wa kuonyesha nia ya baba. Wakagawana nusu kwa nusu, wote wawili wakiwa wamenuna. Barua ya aya moja ingetosha: hii ni zawadi, au hii ni msaada tu.

Amu, ndugu wa baba, naye alikuja na lake: baba alimwahidi gari akiwa kitandani, mbele ya watu. Kuna sheria zinazokubali wosia wa mdomo kwa masharti. Kenya, kwa mfano, inataka mashahidi wawili au zaidi na kifo kitokee ndani ya miezi mitatu tangu maneno yasemwe, na hata hivyo maneno hayo hayapindui wosia ulioandikwa. Wetu uliandikwa, na gari lilikuwa na jina la mtu. Amu hakulipata. Bado ananisalimia, ingawa kwa kifupi.

Madeni yanalipwa kabla ya warithi, na hapo tulikutana na mkopo wa rafiki wa baba ambao baba aliudhamini bila kumwambia mtu. Ukidhamini mtu, andika mahali. Orodha ya unachodaiwa ina faida kuliko orodha ya unachomiliki, maana mali huwa inajitokeza yenyewe.

Mambo madogo ambayo nusura yatukwamishe: nakala ya wosia si wosia. Pale inapojulikana kuwa wosia ulikuwa mikononi mwa marehemu na halisi haipatikani, sheria ya Kiingereza huanza kwa kudhani aliuharibu mwenyewe kwa makusudi. Wa baba ulikuwa kwa wakili, na mimi nilikuwa na stakabadhi yake. Usiufungie kwenye sanduku la benki ambalo halifunguki mpaka msimamizi wa mirathi athibitishwe. Usiutoe pini ili kuupiga picha, kwa sababu matundu mapya huzua maswali kama kuna ukurasa uliotolewa. Na laini ya simu ya marehemu msiifunge haraka. Namba za siri za benki, taarifa za bima na ujumbe wa wadai wasiojulikana vilikuwa vinaingia humo kwa miezi kadhaa.

Hesabu za mwisho niliziwasilisha mahakamani na kila mrithi akapata nakala. Nyumba ipo kwa jina la mama mdogo, ada ya mtoto inalipwa na wadhamini, na kaka na mama mdogo wanazungumza, hasa kuhusu mtoto. Kilichobaki ni shamba. Baba alilitaja kwenye wosia kwa ukubwa na mipaka yake, akaligawa vizuri kabisa kwa watoto wote. Tulipopeleka maombi ya kuhamisha, msajili akafungua jalada akatuonyesha jina la mmiliki: babu. Baba alililima maisha yake yote, lakini hakuwahi kuhamisha hati baada ya babu kufariki, na mtu hawezi kumwachia mwingine kisichokuwa chake kwenye daftari. Babu alikuwa na watoto sita, watatu kati yao nao wamefariki, kila mmoja na warithi wake. Kwa hiyo nimeanza tena, safari hii na mirathi ya babu: natafuta cheti cha kifo cha mtu aliyekufa kabla sijazaliwa, na saini za binamu ambao baadhi yao sijawahi kuwaona.